Uji Katika Rejeta: Nachingwea hadi Nandagala kwa Tingatinga

Tangu nirudi siwezi kwenda hata kununua chumvi bila mtu kunisimamisha. "Fundi, ni kweli mlipika uji ndani ya injini?" Mwingine anauliza kama tulitia na sukari. Nimechoka kueleza nikiwa nimesimama juani, halafu mnacheka kabla sijafika hata katikati. Basi nimekaa chini, nimeandika yote kituo kwa kituo. Someni wenyewe. Mkishamaliza kucheka, daftari mnirudishie, lina hesabu ya ndoo za maji za watu.

Mnanijua. Kibanda changu cha kulehemu kipo nyuma ya soko hapa Nachingwea, nyumba yangu ipo mtaa wa pili, na kati ya hapo na hapo ndipo dunia yangu inapoanzia na kuishia. Nikilala nje ya kitanda changu, shingo inakataa kugeuka siku mbili. Mke wangu Mwanaidi anasema hana wasiwasi nami hata kidogo, maana aliponiacha asubuhi ndipo atakaponikuta jioni, kama mtungi.

Sasa Mwanaidi ana kaka yake, Mponda, shemeji yangu. Huyu ana tingatinga kuukuu alilolinunua kwa watu waliokuwa wanafunga kazi ya barabara. Analiendesha mwenyewe: anasafisha mashamba, anang'oa visiki, maisha yanakwenda. Mwaka huu akawaahidi watu wa kwao Nandagala, kule Ruangwa, kwamba atawachimbia lambo la kukinga maji kabla ya mvua. Mama yao mzazi anaishi huko. Kiangazi akina mama wa upande ule wanatoka alfajiri kufuata maji na wanarudi jua limeshapanda. Na udongo wa pale wanapotaka lambo ni mfinyanzi mtupu: ukishalowa, mashine ikiingia haitoki. Kwa hiyo ilikuwa moja kati ya mawili. Ama tufike kabla ya mvua, ama mama yule na wenzake wabebe ndoo mwaka mwingine mzima.

Na Mponda mwenyewe alikuwa na lake. Wanunuzi wa chuma chakavu walishamfuata mara mbili wakilizunguka tingatinga kama watu wanaochagua ng'ombe wa kuchinja. Injini ikifa, linakatwa vipande, na yeye hana kazi nyingine anayoijua.

Habari za vibali, na za lile lori la kubebea mitambo ambalo lilikuwa linakuja "kesho" kwa wiki mbili, nawarukisha. Mwisho Mponda akasema litakwenda kwa minyororo yake lenyewe, kwa njia za mashambani, tusiguse lami. Tatizo lilikuwa rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini. Ilikuwa inavuja, na mimi ndiye niliyeilehemu.

"Shem," akaniambia, "uliyeilehemu, uifuate."

"Mimi? Safari?"

"Nenda," Mwanaidi akadakia kutoka jikoni. "Hujakanyaga kwa mama miaka sita. Ameanza kuuliza kama niliolewa kweli."

Nachingwea hadi Nambambo: tunapitwa na watembea kwa miguu

Tuliondoka Jumatatu asubuhi. Mponda juu ya kiti, mimi nimesimama pembeni nimeshika chuma, na mto wangu wa kulalia nimeufunga kwa kamba nyuma ya kiti. Ndiyo, nilibeba mto. Chekeni tuendelee. Nilikuwa pia na kifurushi cha unga wa muhogo alichonifungia Mwanaidi, kwa hofu kwamba watu wa njiani hawatajua kunipikia.

Kazi yangu ilikuwa moja: kutazama sindano ya geji ya joto. Ikikaribia rangi nyekundu nimpige Mponda begani, kwa sababu minyororo ile ikianza kulia hamsikilizani hata mkipiga kelele sikioni.

Mwendo wenyewe niseme nini. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani alitupita, akatusalimu vizuri. Mbele tukamkuta amepumzika, tukampita sisi, akatusalimu tena. Alipotupita mara ya pili hakusalimu. Alitutazama tu kwa huruma.

Jua lilipokuwa la utosi sindano ikapanda. Nikampiga Mponda bega, akasimamisha karibu na mji wa mtu mmoja wenye mikorosho mikubwa, huko Nambambo. Tukafungua mlango wa mbele wa rejeta. Majani makavu ya mikorosho, vumbi na dizeli vilikuwa vimeshikana pale kama mkeka uliosukwa. Feni inavuta, hewa haipiti.

Tulipogeuka kwenda kuomba maji, wanaume wanne walikuwa wameshasimama mbele ya mikorosho yao. Mmoja, Mzee Abdala, alikuwa na panga. Alitoka nalo kupalilia, lakini siku ile mkononi lilionekana refu kuliko kawaida.

"Hapa hampiti," akasema.

"Shikamoo mzee. Hatupiti. Mashine imepata joto, tunaomba maji."

"Wote wanaokuja kuchukua mashamba huanza na kuomba maji."

Ndipo tukaelewa. Watu walikuwa wamesikia habari za barabara, za machimbo, za upimaji wa ardhi, na sasa limekuja tingatinga bila taarifa, msimu wa korosho, matunda yako juu ya miti. Mponda akatoa karatasi yake ya kibali. Ikasomwa na mtu mmoja kwa sauti, ikasomwa na mwingine kimya, akapigiwa simu mtendaji wa kijiji. Mimi uvumilivu wa mikutano sina. Nikachukua brashi ya waya, nikapiga magoti mbele ya rejeta, nikaanza kuchokonoa majani.

Nikasikia nyuma yangu: "Huyu si mtu wa kubomoa. Mtu wa kubomoa hapigi magoti."

Basi mambo yakageuka. Mzee Abdala aliniangalia ninavyohangaika na brashi, akatikisa kichwa, akaingia ndani na kutoka na ile mashine ya kubeba mgongoni ya kupulizia dawa mikorosho. Akaiwasha, akaelekeza bomba kwenye rejeta kwa upande wa feni, akaachia upepo. Wallahi, majani yale yalitoka kama kundi la nzige. Tatizo ni kwamba ndani ya mashine yake kulikuwa kumebaki salfa. Tuliokuwa upande wa pili, mimi na watu watatu, tukageuka manjano kuanzia kope hadi viatu.

"Sasa hamtapata ugonjwa wa ukungu msimu mzima," akasema, na panga lake ameshaliegemeza ukutani.

Tulilishwa ugali na mbaazi zilizoungwa nazi, tukapewa ndoo mbili za maji. Niliuliza maji wanayafuata wapi, mke wake akanionyesha kwa kidevu upande ambako sikuona chochote ila vichaka na mwanga wa jua. Ndoo zile mbili nimeziandika za kwanza kwenye daftari.

Nambambo hadi Naipingo: nafanya jambo la aibu

Jumanne rejeta ilikuwa safi, sindano imetulia, hata nikaanza kufurahia. Nikamnyoshea mkono mtu wa baiskeli aliyetupita, kama vile na sisi tuna mwendo.

Adhuhuri tukasimama, mimi na Mponda, tuswali. Mimi nilimaliza upesi kuliko yeye, kama kawaida yangu, nikazunguka mbele kukagua. Chini ya rejeta palikuwa na kidimbwi. Maji yanatoka tone kwa tone pale pale nilipolehemu mimi. Si pembeni, si sehemu nyingine ambayo ningeweza kumsingizia mtu. Pale pale.

Nitawaambia ukweli ambao Mponda nilimwambia baadaye sana. Ile siku naiziba kibandani niliiharakisha. Wateja walikuwa wamesimama na sufuria zao, nikapaka risasi ya kulehemia juu ya kutu bila kusugua vizuri. Fundi yeyote anajua risasi haishiki uchafu. Kama ningesema pale, tungeishusha rejeta, tungepoteza siku moja, nikailehemu upya, basi. Lakini kusema ningesema nini? Kwamba yule fundi aliyeletwa kuilinda ndiye aliyeiharibu?

Nikakumbuka madereva wa zamani walivyokuwa wanasimulia, kwamba rejeta ikivuja porini unatia unga kidogo, unakwenda na maji, unaziba tundu kutoka ndani. Nikamwangalia Mponda, bado yuko kwenye rakaa. Nikafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, kisha kifurushi cha Mwanaidi. Nikatia. Nikaona kidogo. Nikaongeza.

Na tundu likaziba! Mponda alipokuja kupiga jicho chini, pakavu.

"Shem, kumbe lehemu yako ni kali," akasema.

"Kazi ya mkono wangu," nikajibu. Mungu anisamehe.

Tulikwenda hivyo pengine saa moja na nusu. Halafu sindano ikaanza kupanda, si polepole kama ya Nambambo, ilipanda kama mtu anayepanda ngazi. Nikampiga Mponda bega mara mbili. Tulikuwa tunaingia Naipingo, karibu na pale njia ya mashambani inapokutana na barabara, wanapokaa akina mama wenye biashara. Akazima. Injini ikaendelea kunguruma tumboni kwa joto lake yenyewe.

Tukasubiri ipoe. Mponda akafunika kifuniko cha rejeta kwa gunia, akakilegeza kidogo kidogo, akakitoa. Tulitegemea maji na mvuke. Ukatoka uji. Ulipanda mdomoni pole pole, mweupe wenye rangi ya kutu, ukasema pwa, ukasema pwa tena, ukateremka ubavuni mwa rejeta kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Mponda akautazama. Akanitazama mimi. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika.

"Ulitia nini?"

"Unga."

"Wa nini?"

"Wa muhogo."

"Kiasi gani?"

"Kama kibaba."

"Kibaba!"

"Na nusu."

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alikwenda upande wa injini, akachomoa stiki ya oili, akaifuta kwenye kiganja chake. Hapo nilielewa anachotafuta. Injini ikipata joto kupita kiasi kichwa chake hupasuka, maji yakaingia kwenye oili, na oili ikawa nyeupe kama maziwa. Ikiwa nyeupe, hakuna lambo, hakuna tingatinga, hakuna Mponda opereta.

Akanionyesha kiganja. Oili nyeusi tii. Akakaa chini kwenye mnyororo, akauweka mkono ule mchafu usoni, na uso wake ukabaki mweusi hadi jioni, hakuna aliyemwambia.

Ndani ya muda huo huo, mtu akipenda anaweza kusema walitumwa, likasimama lori la chuma chakavu. Dereva akashuka, akazunguka, akagonga sahani ya mbele, ile ya kusukumia udongo, kwa kifundo cha kidole.

"Hii imekufa?"

"Imepumzika," nikamjibu mimi.

"Ijumaa tunarudi njia hii hii," akasema. Akaongeza, "Hatutakuwa na haraka."

Naipingo: siku mbili na Bi Zaituni

Jumatano asubuhi tulijaribu kuusukuma uji kwa maji. Tulimwaga ndoo nne, na kila ndoo ilikuwa ya mtu. Maji yakaingia juu, yakakaa juu. Mishipa ya rejeta ni myembamba, na kila mshipa ulikuwa umejaa kitu kama gundi. Tukatoa thamostati, ule mlango mdogo unaoruhusu maji kupita injini ikishapata moto. Ilikuwa imevishwa ngozi ya uji kama maandazi.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, Bi Zaituni, anayeuza togwa pale njiani kwa watu wanaotoka mashambani. Alikuwa anatutazama tangu jana. Sasa akaja, akachovya kidole kwenye mdomo wa rejeta, akausugua uji kati ya kidole na gumba.

"Umeupika wewe?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Umeiva. Ila umezidi unga."

Watu wote walicheka, hata mtendaji wa pale Naipingo aliyekuja kutuuliza lini tutaondoka.

"Na hayo maji mnayamwaga ya nini?" akaendelea. "Mimi kila siku napika uji mzito kuliko huo. Siupigi maji. Naulegeza."

"Kwa kitu gani, mama?"

"Kwa kimea."

Mponda akainua kichwa. "Mama, hii ni injini."

"Na huo ni uji, baba. Injini siijui. Uji naujua."

Mnaokunywa togwa mnajua, ila mimi nilikuwa nakunywa tu bila kuuliza. Unapika uji mzito. Unauacha upoe. Unatia kimea, ile nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Yeye hutumia ulezi. Unakoroga, na uji uliokuwa unashika mwiko unakuwa mwepesi ukiuona kwa macho yako. Lakini kuna sharti moja, na alilirudia mara nyingi kiasi kwamba mpaka leo nalisikia: usiwe wa moto wa kuchemka. Ukitia kimea uji ungali unatokota, umekiua, kazi bure. Ukiwa wa baridi nao, kinalala. Unataka lile joto ambalo kidole kinaingia, kinalalamika, lakini kinavumilia.

Mimi safari hii sikutaka kutia kitu chochote cha unga ndani ya ile rejeta, hata kingekuwa dawa. Tukaloweka kimea kwenye maji ya uvuguvugu, tukachuja kwa kipande cha kanga mara mbili, tukamimina maji yake tu. Mponda akawasha injini dakika chache, akazima. Bi Zaituni akasimama mbele ya tingatinga lile la tani sijui ngapi, akaweka kidole chake kwenye maji.

"Bado."

Akawasha tena. Akazima.

"Hapo hapo! Funika."

Tukalifunika kwa magunia na blanketi la jirani kama mgonjwa wa homa. Saa nzima. Tukamwaga, tukatia mengine, tukafunika. Shemeji yangu, ambaye haruhusu mtu aguse hata usukani wake, siku ile alikuwa anawasha na kuzima kwa amri ya mama wa togwa. "Washa, baba." Anawasha. "Unazidisha!" Anazima.

Alipita pia mwalimu mmoja wa baiolojia, mtu wa Bukoba aliyepangiwa kazi huku, akasimama akiwa na madaftari kwapani. Alifurahi kuliko sisi. Akasema ndani ya kimea kuna kimeng'enya kinachokata wanga, akatueleza kila kitu.

"Hili mbona lipo kwenye masomo ya sekondari," akaniambia aliposikia nina kidato cha nne. "Hukufundishwa?"

"Siku hiyo niliumwa, mwalimu."

"Na siku ya mtihani?"

"Nilikuwa bado sijapona."

Mara ya tatu tulipofungua koki ya chini, kilichotoka kilikuwa maji. Machafu, ya kahawia, yananukia utamu wa ajabu, lakini maji, yanakimbia yenyewe. Mponda akaweka mkono chini yake kama mtu anayenawa. Tukatia maji safi juu, yakatokea chini bila kusita. Watu walipiga vigelegele. Bi Zaituni hakupiga. Alirudi kwenye ndoo zake kuuza, maana siku nzima biashara yake ilikuwa imesimama.

Hapo ndipo nilipomwambia Mponda lote, kuanzia kutu niliyoifunika kibandani. Alisikiliza akiwa anafunga bolti.

"Ungeniambia jana, tungepoteza siku moja," akasema.

"Najua."

"Sasa tumepoteza mbili na nusu, na umenipa maradhi ya moyo." Akafunga bolti nyingine. "Haya, shusha rejeta. Uilehemu kama mtu asiyekuwa na wateja."

Alhamisi niliishusha, nikaisugua pale palipovuja mpaka shaba ikanitazama usoni. Nikaipaka ndimu kuondoa uchafu uliobaki, nikachochea makaa ya Bi Zaituni, nikalehemu taratibu, risasi ikatambaa na kuingia yenyewe badala ya kukaa juu kama nta. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Sidhani kama nimewahi kulehemu kitu vizuri hivyo.

Tulipotaka kumpa Bi Zaituni chochote cha shukrani alikataa. Akasema yeye ana binti aliyeolewa upande wa Nandagala. "Lambo likijaa, atakuwa na nafasi ya kuja kuniona. Nendeni."

Ijumaa, baada ya swala, tuliondoka. Lori la chuma chakavu tulipishana nalo nje kidogo ya kijiji. Mponda hakumpungia mkono dereva, lakini alipiga honi ndefu, na honi ile ilikuwa haijalia kwa miaka.

Naipingo hadi Ruangwa: nataka kutoroka

Bila thamostati, ambayo hatukuirudisha, injini ilikwenda baridi, sindano imelala chini, na mimi niliendelea kuitazama kama mtu aliyeumwa na nyoka anavyotazama kamba. Tulikuwa tunasimama kila baada ya muda kupima maji. Popote tuliposimama habari zilikuwa zimetutangulia, kwa simu nadhani, maana tulipoingia uwanja wa nyumba moja karibu na mpaka wa wilaya, mwenye nyumba alitupokea hivi:

"Karibuni. Mashine yenu imeshakula?"

Akatuletea ugali wa muhogo. Mponda akanisogezea sahani kwa adabu kubwa. "Shem, wewe ndiye mtaalamu, anza."

Watu wale walitupa maji ndoo tatu, na walicheka huku wanatupa, na sikuona mtu aliyepima kwa macho kiasi kilichobaki kwenye pipa lake. Nilipima mimi. Kilikuwa kidogo.

Jumamosi tukafika Ruangwa, tukaliegesha nje ya mji. Mpira wa chini wa rejeta, ule unaopitisha maji, ulikuwa umevimba, nikaingia mjini kutafuta mwingine. Duka la spea halikuwa na wa kwetu. Likanipa mrefu, nikaambiwa nikate. Niliporudi nikapita stendi. Gari la Nachingwea lilikuwa linajaza.

"Nachingwea, mzee! Siti ya dirishani ipo!"

Upande wa Nandagala wingu lilikuwa limesimama, si la mvua bado, lakini la kutafakari. Mgongo ulikuwa unaniuma, shingo ndiyo usiseme. Nilifikiri: rejeta imepona, mpira bodaboda ataupeleka, Mponda anajua kusoma geji. Na kule mbele yuko mama mkwe niliyemkwepa miaka sita kwa uvivu tu, hakuna ugomvi, uvivu tu na kupenda kitanda changu. Nilisimama pale mpaka konda akachoka kuniita.

Lakini Mponda akiwa juu ya kile kiti na macho yake njiani, hawezi kuiona ile sindano. Sababu ilikuwa hiyo, hakuna nyingine ya kishujaa. Nikarudi na mpira wangu.

"Umechelewa," Mponda akasema.

"Foleni."

Ruangwa hadi Nandagala: udongo

Tuliingia Nandagala Jumapili alasiri. Watu walitufuata kutoka mbali, na mbele ya wote walikuwa akina mama wenye ndoo, kama vile wametuletea mfano wa kazi.

Mama mkwe sikumwona uso. Kwa desturi zetu hatukai pamoja wala hatutazamani, maneno yanapitia kwa mtu wa tatu. Nilisimama upande huu wa ukuta wa makuti, nikasalimu. Kutoka upande wa pili akamwambia Mponda: "Mwulize mgeni wako kama huko kwao njia ilikuwa imefungwa miaka yote hii."

"Anasema ilikuwa wazi, mama."

"Nashukuru kwa ukweli wake."

Jumatatu kazi ikaanza. Siku tisa. Mponda anakata, anasukuma udongo kwenye tuta, anarudi. Mimi na geji yangu. Kila asubuhi tulikuta ndoo mbili zimewekwa kando ya mnyororo, zimefunikwa, na hakuna aliyesema ni za nani. Mara mbili nilipita alfajiri na kumwona kwa mbali mwanamke mzee anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, nikageuza uso haraka, kama inavyotakiwa. Siku zile mbili niliikagua lehemu yangu mara nne nne.

Siku ya tisa mchana wingu likaacha kutafakari. Kona moja ya tuta ilikuwa bado haijashindiliwa. Mponda alikuwa anakwenda mbele na nyuma juu yake matone yakianza, makubwa, yanapiga vumbi. Injini ilikuwa imefanya kazi tangu asubuhi bila kupumzika. Akaniashiria kwa kidevu: inasemaje? Nikamwonyesha kiganja: chini, imetulia. Akapita mara moja zaidi, na nyingine, minyororo ikaanza kuteleza, akalitoa nje ya bonde kwa shida, akazima. Mvua ikashuka yote.

Hakuna aliyekwenda kujifunika. Tulisimama kijiji kizima kwenye mvua tunaiangalia ile kona. Maji ya kahawia yalikuja kutoka juu kwa vijito, yakakusanyika, yakaisogelea kona, yakaigusa. Udongo kidogo ukamomonyoka, Mponda akanishika mkono. Halafu maji yakatulia pale, yakaanza kupanda upande wa pili, upana wa mkeka, upana wa chumba, upana wa uwanja.

Asubuhi nilikuwa naufunga mto wangu kwa kamba nirudi nyumbani, niliposikia sauti kutoka nyuma ya makuti. Safari hii hakumwita Mponda.

"Mkwe wangu, chai ipo. Maji nimechota hapo chini, lamboni."

Ilikuwa na rangi ya mfinyanzi, maziwa hayakuwemo, na mchanga ulikaa chini ya kikombe. Nilikunywa vikombe vitatu.